Kuweka Filamu katika Kamera na Kuirudisha

Masomo ya Redio kwa Watu Wazima. Maneno haya yamechapwa ili yasomwe darasani baada ya kusikilizwa redioni.

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Juma lililopita tulijifunza kusoma mizani ya dukani. Leo tutajifunza kazi nyingine ya mikono: namna ya kuweka filamu katika kamera ya zamani, na namna ya kuirudisha filamu hiyo ndani ya mkebe wake baada ya kupiga picha.

Huenda mmoja wenu atasema, "Bwana mwalimu, siku hizi tunapiga picha kwa simu. Kamera ya filamu ni ya nini?" Ni kweli, watu wengi hupiga picha kwa simu. Lakini katika nyumba nyingi iko kamera iliyoachwa na baba au mjomba, imelala sandukuni. Filamu bado zinauzwa, na kamera nyingi za zamani bado ni nzima. Tena, mtu aliyejifunza kutii hatua za kazi moja, moja baada ya moja, hujifunza upesi kazi nyingine.

Kabla ya kuanza, nitawaambia kisa changu mwenyewe. Sikukisoma kitabuni.

Nilipokuwa kijana mjomba wangu alinipa kamera yake. Yeye alikuwa mpiga picha, na macho yake yalikuwa yamechoka. Siku moja ndugu wote walikusanyika nyumbani kwa bibi yangu, mzaa mama. Bibi alikuwa mzee sana, na katika maisha yake yote hakuwahi kupigwa picha hata moja. Shangazi alimvika kanga mpya, akaketishwa kwenye kiti mbele ya nyumba, na wajukuu wakamzunguka. Nikapiga picha. Nikampiga peke yake, nikampiga na wanawe, nikampiga na mtoto mchanga mapajani. Kihesabu cha kamera kilikuwa kikiongezeka vizuri: 10, 20, 30. Kilipofika 36 nikavuta tena, na mkono ukakubali. Nikasema moyoni, leo nina bahati, filamu hii ni ndefu.

Ndugu zangu, haikuwa bahati. Nilipopeleka filamu mjini kusafishwa, ilirudi haina kitu. Ncha ya filamu haikushika vizuri kwenye spuli. Mkono ulikuwa ukienda, kihesabu kilikuwa kikihesabu, lakini filamu ilikuwa imekaa ndani ya mkebe wake haijasogea hata kidogo. Bibi alifariki kabla ya mvua zilizofuata. Mpaka leo hatuna picha yake. Shangazi hakunigombeza. Aliniuliza mara moja tu, "Mwanangu, zile picha ziko wapi?" Nikakosa la kumjibu.

Basi, somo la leo nalitoa kwa sababu hiyo. Nataka mtu mwenye kamera mikononi ajue kwa hakika kwamba filamu yake inakwenda. Asikisie.

SEHEMU YA KWANZA: KAMERA YETU

Kamera tutakayoitumia kwa mfano inaitwa Leica M3. Ilianza kuuzwa mwaka 1954, nayo ilitengenezwa katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, na kiwanda cha Ernst Leitz. Jina Leica limetokana na jina Leitz na neno kamera. Zilitengenezwa kamera zaidi ya 220,000 za namna hii.

Mwanzo wa kamera hizi ni fundi mmoja wa kiwanda hicho, jina lake Oskar Barnack. Wakati wake kamera nyingi zilikuwa kubwa na nzito, na bwana huyu alikuwa na ugonjwa wa pumu. Akafikiri: mbona filamu ya sinema ni nyembamba na nyepesi? Haiwezi kutumika katika kamera ndogo? Mwaka 1914 alikuwa amekwisha tengeneza kamera ndogo ya kujaribia. Mwaka 1925 kiwanda kikaanza kuuza kamera za namna hiyo. Zamani mpiga picha alijaza filamu mkebeni mwenyewe gizani. Mwaka 1934 kampuni ya Kodak ilianza kuuza filamu iliyokwisha fungwa katika mkebe, ambayo mtu huweza kuiweka katika kamera mchana. Mkebe huo ndio tunaoutumia mpaka leo.

Kamera hii ina kipimo cha umbali. Mbele yake, juu, kuna madirisha yanayopokea mwanga kutoka mahali pawili. Ukichungulia nyuma, utaona katikati ya picha kisanduku chenye mwanga zaidi, na ndani yake mtu unayempiga anaonekana mara mbili, kama mtu na kivuli chake. Ukizungusha lenzi, picha hizo mbili husogeleana. Zikilingana na kuwa moja, umbali umepatikana na picha itatoka safi.

Lakini angalieni jambo moja. Katika kamera ya namna hii, jicho lako halipiti kwenye lenzi. Linapita dirishani. Kwa hiyo ukisahau kuvua kifuniko cha lenzi, wewe utaona kila kitu vizuri kabisa, na filamu haitaona kitu. Vua kifuniko kwanza.

SEHEMU YA PILI: FILAMU NI KITU GANI?

Filamu ni ukanda mwembamba, upana wake milimita 35. Upande mmoja unang'aa. Upande wa pili umefifia, na huo ndio uliopakwa dawa inayopokea mwanga. Upande uliofifia hutazama lenzi daima. Kandokando ya ukanda, pande zote mbili, kuna matundu mengi yaliyopangwa sawasawa. Ndani ya kamera kuna gurudumu lenye meno. Meno huingia katika matundu hayo na kuuvuta ukanda, kama meno ya gurudumu la baiskeli yanavyoshika mnyororo.

Kila picha ina urefu wa milimita 36, na kati ya picha na picha kuna nafasi ya milimita 2. Jumla ni milimita 38. Huo ni mwendo wa matundu 8. Filamu ya picha 36 basi huhitaji milimita 38 mara 36, nazo ni milimita 1,368, yaani karibu mita 1 na sentimita 37, bila kuhesabu mwanzo na mwisho wake.

Mkebe una mdomo mwembamba wenye kitambaa laini kama mahameli. Kazi yake ni kuzuia mwanga. Katika mdomo huo hutokeza kipande cha filamu kilichokatwa kiwe chembamba. Sisi tutakiita ulimi. Ulimi umekwisha ona mwanga, wala hautumiki kwa picha. Kazi yake ni kushikwa tu.

SEHEMU YA TATU: KUWEKA FILAMU

Mwalimu wa darasa, tafadhali shika kamera, wanafunzi wakuone. Kama hamna kamera, tazameni mchoro ubaoni. Kwa kujifunza tumieni filamu iliyokwisha haribika, msiharibu mpya.

Hatua ya 1. Simama kivulini. Kama hakuna kivuli, lipe jua mgongo, na mwili wako uwe kivuli.

Hatua ya 2. Hakikisha kwamba kamera ni tupu. Juu ya kamera, upande wa kushoto, kuna kirungu chenye mshale. Hicho ni kirungu cha kurudishia filamu. Kizungushe polepole kufuata mshale. Kikizunguka bure bila kizuizi, kamera ni tupu. Kikikaza, ndani mna filamu! Usifungue. Labda mwenzako amekuazima kamera, naye amesahau kukuambia.

Hatua ya 3. Geuza kamera, chini iwe juu. Kwenye kitako kuna ufunguo mdogo uliolala. Uinue, uuzungushe, kisha ondoa kitako chote. Usikiweke mchangani. Kitie mfukoni, au mpe mwenzako akushikie. Sasa fungua na kilango cha nyuma.

Hatua ya 4. Toa spuli. Spuli ni kile kipande cha mviringo ambacho filamu itajizungusha juu yake, kama uzi unavyojizungusha kwenye bobini ya cherehani. Ivute, itatoka. Ukiitoa, kihesabu hurudi mwanzo chenyewe.

Hatua ya 5. Ingiza ncha ya ulimi chini ya kibanio cha spuli. Isukume mpaka mwisho. Hapa ndipo mimi nilipokosea siku ile. Niliingiza ncha kidogo tu, nikaona inatosha. Haitoshi. Ikishaingia, ivute taratibu kwa kidole kuijaribu. Ikitoka, rudia. Itazame pia kama imekaa sawasawa, isielekee upande mmoja.

Hatua ya 6. Shika mkebe kwa mkono mmoja na spuli kwa mkono wa pili, na ulimi umenyoka kati yake. Viingize vyote viwili kwa pamoja. Mkebe huingia upande wenye kirungu cha kurudishia, na ile ncha yake inayotokeza ielekee kwako, yaani upande wa kitako. Spuli huingia mahali ilipotoka. Usitumie nguvu. Kama haiingii, zungusha kidogo, itapata njia.

Hatua ya 7. Tazama kwenye kilango cha nyuma. Filamu imelala sawa? Meno yameingia katika matundu? Kama hayakuingia, sukuma mkono wa kuvutia filamu kidogo tu, mpaka uone yameshika.

Hatua ya 8. Funga kilango cha nyuma. Rudisha kitako: kwanza ning'iniza upande mmoja kwenye kipini chake, kisha shusha upande wa pili, na uufunge ufunguo. Geuza kamera, juu iwe juu.

Hatua ya 9. Zungusha kirungu cha kurudishia kufuata mshale, polepole, mpaka uhisi kimekaza. Hapo umeondoa ulegevu wa filamu. Acha mara moja.

Hatua ya 10. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Sukuma mkono wa kuvutia filamu huku macho yako yakikitazama kirungu cha kurudishia. Kirungu kinazunguka, tena kinyume cha mshale? Kama kinazunguka, filamu inakwenda. Kama kimesimama, filamu haikushika. Fungua, uanze upya. Hujapoteza kitu ila dakika mbili.

Andikeni sentensi hii katika madaftari yenu, nami nitaisema mara mbili. Kihesabu huhesabu mkono, kirungu hushuhudia filamu. Narudia: Kihesabu huhesabu mkono, kirungu hushuhudia filamu. Mimi siku ile nilikiamini kihesabu. Sikujua kwamba chenyewe hakijui kama filamu inakwenda au haiendi.

Hatua ya 11. Piga picha mbili za bure, mpaka kihesabu kifike sifuri. Filamu hiyo ya mwanzo imekwisha ona mwanga ulipokuwa ukiiweka. Ukivuta mara nyingine, utakuwa tayari kwa picha ya kwanza. Kamera za M3 za miaka ya kwanza huvutwa mara mbili kwa kila picha, na zile za baadaye mara moja. Zote ni sawa.

(Hapa darasa lipumzike kidogo. Wanafunzi wawili waje mbele, kila mmoja afanye hatua zote, wenzake wakizitaja kwa sauti.)

SEHEMU YA NNE: KURUDISHA FILAMU

Umepiga picha zako zote 36. Sasa mkono unakaza, haukubali kwenda. Usiulazimishe! Mwisho wa filamu umefungwa ndani ya mkebe. Ukitumia nguvu utaukata au utaung'oa, na hapo filamu haitaweza kurudi nyumbani kwake.

Jambo la pili: usifungue kamera. Filamu yote sasa iko nje ya mkebe, imejizungusha kwenye spuli. Ikiona mwanga wa mchana hata kwa nukta chache, picha zitaharibika. Wako watu wengi waliofanya kosa hilo kwa furaha tu, wakitaka kuona picha zimetokaje. Filamu ambayo haijasafishwa haionyeshi picha. Hapana cha kuona.

Basi fanya hivi.

Kwanza, mbele ya kamera kuna wenzo mdogo, na karibu yake herufi R. Geuza wenzo uelekee kwenye herufi hiyo. Sasa yale meno yameachia filamu, yanaweza kuzunguka kinyume.

Pili, vuta juu kirungu cha kurudishia.

Tatu, kizungushe kufuata mshale. Nenda polepole, kwa mwendo mmoja. Ukienda mbio, hasa hewa ikiwa kavu, cheche ndogo za umeme huweza kutokea ndani, zikaacha alama kama vijiti vya radi juu ya picha. Tena kama chembe ya mchanga imeingia mdomoni mwa mkebe, itachora mstari mrefu juu ya filamu.

Nne, sikiliza kwa vidole. Mwanzo utahisi uzito. Karibu na mwisho uzito utaongezeka kidogo, kwa kuwa ncha inatoka kwenye kibanio cha spuli. Kisha ghafula kirungu kitakuwa chepesi. Filamu imerudi. Zungusha mara chache zaidi kwa usalama.

Tano, nenda kivulini, fungua kitako, toa mkebe. Uandike mara moja juu yake: "Imekwisha pigwa," pamoja na tarehe na jina la shughuli. Mtu asiyejua kusoma angeichanganya na filamu mpya. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika, basi tumia elimu yako.

Ukiweka filamu nyingine na kusukuma mkono wa kuvutia, ule wenzo wa R utarudi mahali pake wenyewe.

Je, kama filamu imekatika ndani? Usikate tamaa, wala usifungue mchana. Mpelekee fundi mwenye chumba cha giza, umwambie kabla hajaigusa, "Filamu imekatika, iko nje ya mkebe." Yeye ataitoa gizani, na picha zako zitapona.

SEHEMU YA TANO: KUITUNZA KAMERA

Maneno machache tu. Ndani ya kamera hii kuna mapazia mawili ya kitambaa yanayofunguka na kufunga mbele ya filamu. Usiyaguse kwa kidole unapoweka filamu. Tena usiiache kamera imetazama jua bila kifuniko cha lenzi. Mnajua watoto wanavyochoma karatasi kwa kioo kinachokusanya jua. Lenzi hufanya vivyo hivyo, na pazia hutoboka. Usiiache kamera ndani ya gari lililosimama juani, wala usiifungue penye upepo wa vumbi.

Wasikilizaji wapenzi, namalizia pale nilipoanza. Miaka kadhaa baada ya msiba wa bibi, shangazi mwenyewe alizeeka. Nikaenda kwake na kamera ile ile ya mjomba. Nilipoweka filamu nilimwomba aketi karibu yangu, nikamwonyesha kirungu, nikamwambia, "Shangazi, nitazamie hiki. Kikizunguka, uniambie." Nikavuta. Akasema, "Kinazunguka, mwanangu." Nikavuta tena. Akasema tena, "Kinazunguka." Kwa kila picha aliniangalilia hivyo hivyo mpaka tukamaliza. Picha zilitoka zote. Moja imetundikwa ukutani kwangu. Mjukuu akiuliza, "Huyu ni nani?" namwambia jina lake, naye analisoma chini ya picha, kwa kuwa nimeliandika.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana juma lijalo saa kama hii.

MANENO MAPYA

Mkebe: kikopo kidogo kinachokaa filamu.
Ulimi: mwanzo wa filamu, unaotokeza mdomoni mwa mkebe.
Spuli: kipande cha mviringo ambacho filamu hujizungusha juu yake.
Kitako: mfuniko wa chini wa kamera.
Kirungu: kishikio cha mviringo cha kuzungusha kwa vidole.
Wenzo: mkono mdogo wa kugeuza mtambo.
Kusafisha filamu: kuitia katika dawa ili picha zionekane.

MASWALI

1. Kwa nini si vizuri kuweka filamu penye jua kali?
2. Utajuaje kwamba kamera ina filamu ndani, bila kuifungua?
3. Mwalimu alikosea hatua gani siku ya kumpiga picha bibi yake? Kihesabu kilimdanganya namna gani?
4. Mkono ukikaza baada ya picha 36, utafanya nini? Hutafanya nini?
5. Hesabu: picha moja huhitaji milimita 38 za filamu. Filamu ya picha 24 huhitaji milimita ngapi? Ni sentimita ngapi?
6. Andika sentensi tano juu ya mzee mmoja wa kwenu ambaye ungependa picha yake ihifadhiwe. Taja jina lake, mahali anapokaa, na sababu yako.